Kuchagua Bunduki ya Mbweha

Mume wangu anatengeneza simu, mimi nasuka nywele. Tunagawana chumba kimoja katikati ya mji wa Durban: yeye mbele dirishani na taa yake ya kuangalia vidude vidogo, mimi nyuma na viti na vioo. Kwa hiyo nilisikia kila neno siku ile mzee mmoja wa kanisani kwetu alipoleta simu iliyopasuka kioo, akaanza kulalamika juu ya mbweha.

Mzee huyo ni Mzulu, mstaafu, anafuga kondoo huko juu vilimani, mbali kidogo na mji. Mbweha walikuwa wanawala wana-kondoo mmoja baada ya mwingine. Asubuhi anakuta kwato na kipande cha ngozi. Macho yake hayakumruhusu tena kulenga, na wanawe walikuwa wamehamia Johannesburg.

"Baba, mimi nitakusaidia," mume wangu akasema kabla hata mzee hajaomba. "Papa yangu kule Kongo, Kivu, alikuwa mwindaji."

Nilimtazama kupitia kioo. Baba mkwe wangu alikuwa fundi cherehani. Aliwahi kuua nguchiro mmoja aliyeingia kwenye banda la kuku, tena kwa ufagio. Niliendelea kusuka tu, maana kichwa cha mteja kilikuwa mikononi mwangu, na kicheko kingenipotezea mstari.

Nimpe haki yake: mume wangu si mtu wa kusema tu. Karatasi zetu za ukaazi wa kudumu zilikuwa zimeshatoka, kwa hiyo sheria ilimruhusu. Alisoma kozi ya silaha, akafanya mtihani, akapeleka alama za vidole polisi, akafunga kasha la chuma ukutani kwenye fleti yetu ya South Beach. Wakati anangoja cheti alitazama video za Wamarekani wanaowinda koyote, binamu wa mbweha wa huko kwao. Tukikaa kula fufu, yeye yuko na mitutu. Tukitoka kanisani, yeye yuko na chembe za risasi. Alianza hata kuangalia paka wa jirani kwa jicho moja.

Cheti kilipotoka tukapanda pamoja mpaka duka moja la silaha upande wa Morningside. Muuzaji alikuwa mama wa Kihindi, miwani yake imening'inia kwa kamba shingoni. Mume wangu hakumsalimia vizuri. Akaonyesha kidole bunduki ndefu nyeusi ya ukutani, yenye vyuma vya kila namna juu yake.

"Ile, mama. Kalibre kumi na mbili. Ni ya mbweha."

"Utampiga umbali gani?" mama akauliza.

"Mita sitini hivi. Sabini."

"Kwa marisau, hizi chembe za kutawanyika?" Akavaa miwani amwone sawasawa. "Nani alikuambia?"

"Intaneti."

"Intaneti haitamtafuta mnyama aliyejeruhiwa vichakani. Wewe ndiye utakayemtafuta."

Akaishusha ile nyeusi bila ubishi, akamwambia afumbe macho, aipandishe begani, kisha afumbue. Mume wangu akafumbua, akasema anaona dari. Kitako kilikuwa kirefu mno kwake, na mtutu ulikuwa umeelekea kwenye feni. Mama akamletea nyingine, ya kawaida kabisa, kitako cha mbao, ile ya kuvuta kwa mkono ili risasi inayofuata iingie. Safari hii alipofumbua macho alikuwa anaangalia moja kwa moja kando ya mtutu. Akatabasamu kama bwana harusi.

"Iko sawa," akasema. "Lakini haina sura."

"Papa," nikamwambia, "na wewe nilikuchukua hivyohivyo."

Mama wa duka akageuka kupanga kitu rafuni, mabega yanatikisika.

Kwenye risasi nako akataka zile za chembe kubwa kuliko zote, mfano wa mbaazi, kwa sababu mbweha ana meno. Mama akamweleza kwamba chembe zikiwa kubwa zinakuwa chache, na zikiwa chache zinaacha nafasi kati yake. Kuna pia kibano, kipande cha chuma kinachoskrubiwa kwenye mdomo wa mtutu ili chembe zisitawanyike mapema, na si kila kibano kinapatana na kila risasi. "Nunua chembe kubwa kidogo na za wastani kidogo," akasema. "Piga kadibodi. Kadibodi haidanganyi."

Leseni ya bunduki yenyewe ilichukua muda wake. Ilipotoka, tuliichukua bunduki dukani, tukapakia kwenye gari kadibodi nilizokuwa nazo, yaani maboksi ya nywele za bandia kutoka saluni, kila moja na picha ya binti mrembo anayecheka. Mzee akatupokea, akatupeleka mahali penye tuta la udongo nyuma ya shamba. Mume wangu akasimamisha binti wa kwanza, akarudi nyuma mita thelathini na tano, akapiga kwa chembe kubwa.

Mlio ulinipita kifuani. Yeye alirudi hatua nzima nyuma na kofia ikamwanguka. Tukaenda kuangalia. Matundu yalikuwa pembeni, moja juu karibu na kibandiko cha bei, na binti anaendelea kucheka bila mkwaruzo.

"Eish," mzee akasema taratibu. "Huyu angekula kondoo wangu mpaka Krismasi."

Mume wangu akatoa kibano kilichobana sana, akaweka kilicholegea kidogo, akajaza chembe za wastani. Binti wa pili aligeuka chujio la chai. Akajaribu tena, na tena, akisogea nyuma kidogo kila mara, mpaka alipoona matundu yameanza kuachana. Akachukua jiwe akaliweka pale. "Mwisho wangu ni hapa," akasema. Hakutaja tena sitini wala sabini.

Kesho yake alfajiri tulikaa chini ya miti ya miwati, upepo ukitupiga usoni. Mzee alikuwa na kipenga kinachotoa sauti ya sungura anayelia. Alipuliza, akanyamaza, akapuliza. Nilikatazwa kusogeza hata kidole, na pua ikaanza kuniwasha saa hiyohiyo.

Mbweha wa kwanza alitokea kwenye majani upande wa pili wa mtaro. Alisimama wazi, mgongo wake mweusi una umande, masikio yamesimama. Nilimwona mume wangu anapandisha bunduki. Nikakaza meno nikingoja mlio. Hakupiga. Mbweha akatugundua, akaondoka zake bila haraka.

"Mbona umemwacha?" nikanong'ona.

"Alikuwa mbali kupita jiwe."

Miaka yote ya ndoa sikuwa nimemwona akiacha kitu anachokitaka.

Tulihama, tukakaa karibu na zizi. Wa pili alikuja mbio, akaelekea moja kwa moja kwenye ile sauti, karibu kiasi kwamba niliona ulimi wake. Bunduki ikalia mara moja. Akaanguka palepale, hata mguu hakutupa.

Mzee akapiga makofi na kumshukuru Mungu kwa Kizulu. Mume wangu alienda akapiga magoti kando ya yule mnyama, akamgusa manyoya ya shingoni kwa kidole kimoja. "Iko mzuri hivi," akasema. Tukamwacha kidogo.

Nyumbani mke wa mzee alikuwa ametupikia uji mgumu wa mahindi na maziwa ya mgando. Mume wangu alishindwa kuinua kijiko kwa mkono wa kulia. Nilipomfungua shati, bega lilikuwa zambarau kama biringanya, nasi wanawake wawili tukacheka mpaka tukashika meza. Naye akacheka, akala kwa mkono wa kushoto, akimwaga.

Wana-kondoo waliobaki walikua msimu ule, ila mmoja aliyekufa kwa baridi. Mzee ametuita tena kwa msimu huu. Mume wangu anasema bega lake bado linamkumbuka yule mama wa duka, kwa hiyo mimi ndiye niliyejiandikisha kozi ya silaha. Mtihani ni wiki ijayo, na ananiuliza maswali dirishani kwake mbele ya wateja, kwa sauti kubwa, kama mwalimu.