Uji wa Chachu ya Mtoto Njiti

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Mbeya, Muuguzi Mkuu wa wodi alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani, akauliza, "Wewe mwanamume, utamfundisha nani kukamua maziwa?"

"Yeyote asiyejua," nikamjibu.

Wauguzi wakacheka. Baada ya mwezi ni mimi niliyeitwa kila mama aliposhindwa kutoa hata tone. Nasema hivi bila aibu. Nilitoka Mbalizi, mtoto wa muuza vitunguu, nikajisomesha hadi diploma ya uuguzi. Diploma hiyo ilinipeleka Botswana miaka mingi, na nikarudi nayo nikiwa najua mengi kuliko walionicheka.

Enzi zile za Mbeya mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya siku zake, tulimfunga pamba na kumzungushia chupa za maji ya moto. Maziwa ya mama tulimpa kwa mrija mwembamba unaopita puani hadi tumboni, kwa sababu njiti hawezi kunyonya na kupumua kwa mpigo. Kabla ya mlo tulivuta kilichomo tumboni kupitia mrija huo kwa bomba la sindano, tuone kama maziwa ya mlo uliopita yameshuka. Yakirudi mengi na tumbo limevimba, tulisimamisha mlo. "Tumbo la njiti halilazimishwi," Muuguzi Mkuu alisema, na alisema kweli.

Niliporudi nchini nilipangiwa Iringa, chini ya Daktari Bingwa wa Watoto, mwanamke wa maneno machache. Alikuwa ameanza kuwapa baadhi ya njiti unga wa prebayotiki. Hii ni sukari ambayo mtoto mwenyewe haimeng'enyi. Hupita hadi utumbo mpana, ikawa chakula cha bakteria wema wanaoishi humo. Mimi peke yangu nilikuwa nimewahi kuuona ukitumika, huko Botswana, kwa hiyo kazi ya kuwaelewesha akina mama nikapewa mimi. Angepewa nani mwingine?

Akaja mama wa Kilolo, muuza togwa. Mwanawe alikuwa hajafika kilo moja na nusu. Alikuwa ametoka kumaliza dawa za kuua vijidudu, na kila mlo maziwa yalirudi.

"Kamwene, dokta," mama alinisalimia. Nikamhutubia vizuri kabisa juu ya bakteria na utumbo mpana. Akaitikia kila sentensi.

Kesho yake kikombe chake cha maziwa kikaja kitupu. Mlo uliofuata, kitupu tena.

"Yamekauka," alisema. Lakini khanga yake ilikuwa imelowa kifuani.

"Mama, yanatoka. Nayaona."

"Yanatoka, ila siyaleti mkayatie bakteria. Pale ukutani mmeandika tunawe mikono tuwakimbie, halafu huku mnamlisha mwanangu hao hao."

Mtoto alibaki na dripu tu. Daktari Bingwa aliposikia aliniuliza, "Diploma yako ni ya kuongea au ya kueleweka? Bila ridhaa yake unga hautumiki. Ila maziwa nayataka leo."

Nikarudi, nikavuta kigoda, nikamuuliza yule mama anavyotengeneza togwa.

"Unataka kununua?"

"Nataka kujua."

Akaeleza kwamba anapika uji, anaupoza, anatia togwa kidogo ya jana iwe chachu.

"Na chachu bila uji?"

"Inakufa. Si nayo inakula?"

"Mwanao ana chachu yake tumboni, nyingine kaipata kwako. Dawa tulizompa zimeifagia, imebaki kidogo."

"Kwa hiyo huo unga wenu si chachu. Ni uji wake."

"Ndiyo."

"Sasa si ungesema uji tangu jana? Bakteria, bakteria, kama mtu wa kampeni." Vitanda vya jirani vikaangua kicheko, naye akaridhia unga, akachukua kikombe na kugeukia ukutani kukamua.

Taratibu yaliyorudi kwenye mrija yakapungua, na tumbo likalainika. Siku ya kuruhusiwa aliomba unga wa kwenda nao nyumbani. Nikamwambia hauhitaji, maziwa yake yana sukari ya namna hiyo.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Basi aliyemponya nani, wewe na unga wako au mimi?"

Nilikuwa na jibu refu mdomoni, lenye Botswana ndani yake. Nikalimeza. "Sijui, mama. Ninachojua, bila maziwa yako unga usingemfaa kitu."

Akamfunga mtoto kifuani, akaondoka akicheka.

Sasa nimestaafu. Wauguzi vijana wananiuliza kama unga ule unaokoa. Nawajibu kwamba huwasaidia baadhi kuyavumilia maziwa, na kwamba wataalamu bado wanabishana juu ya mengine. Kazi ilinipa nyumba, heshima na safari, nami nashukuru kwa vyote. Lakini zaidi namshukuru mama yule kwa kuninyima maziwa siku ile. Angeyaleta huku amenyamaza, ningestaafu nikiamini nilieleweka.