Nilichagua mionzi, mume wangu akahamia Sengerema

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za leo.

Mimi ni darasa la saba, maandishi yakikaa vibaya mnivumilie. Haya sikusimuliwa, yamenikuta mwenyewe.

Naishi Buhongwa, Mwanza. Siku zangu zilishakoma miaka mingi, ghafla damu ikarudi. Vipimo vikaonyesha kansa ya mji wa mimba. Wakanipasua, wakautoa wote.

Siku ya majibu nilienda na mume wangu Masanja, fundi baiskeli. Nikamwacha nje kwenye benchi ameshika mkoba wangu. Mambo ya kizazi nitayasikilizaje mbele ya mwanaume? Niliona aibu. Hilo kosa ni langu.

Daktari akaniambia kansa wameitoa, ila ilishaanza kuchimba kwenye nyama ya kizazi. Mionzi ingepunguza uwezekano wa kurudi, japo inasumbua tumbo na kibofu.

"Uamuzi ni wako, mama. Nenda mkaongee na baba."

Tukaongea. Tatizo, wifi yangu Kabula naye alikuwepo. Namtaja, na kama yumo humu asome.

Akasema, "Kaka, huyu akishapigwa mionzi usimguse. Itakuunguza na wewe."

Nikamtazama Masanja. Mwanaume anayebishana na mteja kwa sababu ya spoku moja, siku hiyo hakumbishia dada yake.

Wakuu, nilitaka aseme tu nenda, nitakusubiri. Hakusema. Jioni moja akanifuata jikoni.

"Leti, nakupenda. Ila naogopa."

Hata mimi niliogopa. Ila niliogopa zaidi kufa. Nikaenda.

Kuna mionzi ya nje na ile ya ndani, huko huko kwa wanawake. Sitaeleza sana. Nilichoka, niliharisha, nikamaliza.

Nesi mmoja nikamuuliza kwa kunong'ona, je, nitamuunguza mume wangu? Akacheka, kisha akaona sicheki.

"Mama, hii ukitoka chumbani haubaki nayo. Mlete baba nimwambie mwenyewe."

Nikampigia Masanja. Akasema ana kazi nyingi.

Niliporudi alikuwa analala kwenye kochi. Baadaye akaenda kwa Kabula, Sengerema, eti kumsaidia kuezeka. Bati gani hizo haziishi mpaka leo?

Zamani ningesema foleni ya pantoni ya kuvuka ziwa pale Kigongo imemchelewesha. Sasa hivi daraja lipo.

Kliniki wanasema niko vizuri. Nashukuru. Ila nikipika sato bado namwekea kichwa, maana ndicho anachopenda, halafu nakaa nakiangalia. Nikisikia kengele ya baiskeli njiani, naacha ninachofanya.

Funzo langu akina mama, ingieni na waume zenu kwa daktari. Aibu ya dakika kumi haizidi hii yangu. Mkiwaacha kwenye benchi, akina Kabula watawaeleza wao.

Waliopitia mionzi semeni, wenzenu walirudi kitandani?

Na mtu wa Sengerema ukimwona fundi Masanja, kofia ya bluu, mwambie nesi alisema siunguzi. Mwambie tu hivyo. Mengine nitamwambia mwenyewe akija.