Usifunue Chungu

Nilipokuwa mtoto, mwaka aliofariki baba, nilijifunza kwamba nyumba haihamishwi kwa gari peke yake. Shamba letu la Ihumwa lilikuwa limepimwa viwanja, mama akauza, akajenga chumba kimoja ng'ambo ya reli. Vitanda na magunia vilitangulia na pikapu. Ukabaki moto.

Ndiyo, moto. Cheka tu, hata mimi nilicheka. Kwa Wagogo wa ukoo wa bibi, mzaa mama, anayehama huondoka na moto wa jiko la zamani akawashie jiko jipya. Ukizimika njiani, nyumba imekukataa. Bibi alitia vinyesi vya ng'ombe vilivyoshika moto ndani ya chungu, akavifukia kwa majivu, akafunika kwa kigae.

"Bibi, hili gari lina mafuta," dereva alimwambia. "Unataka tulipuke?"

"Nenda na mafuta yako. Sisi tuna miguu."

"Lakini mama, kiberiti si kipo?" mama akajaribu.

"Kiberiti kinawasha kuni, hakiwashi nyumba. Beba. Na usifunue mpaka tufike. Ukizimika, mimi narudi kwa kaka yangu. Silali kwenye nyumba baridi."

Mama akajitwika chungu. Msiba ulikuwa bado mbichi. Bila bibi, kwenye kiwanja kile kisicho na jirani, tungebaki yeye na mimi na upepo wa Dodoma, na upepo wenyewe mnaujua.

Tukaondoka, chungu kichwani kwa mama. Kila bibi alipotangulia kidogo, mama alikitua, akafunua, akapuliza. "Upo," alininong'oneza, kama vile ananiuliza. Tukitembea kidogo, anakitua tena. Leo naelewa alichokuwa anakitafuta mle: kama tutaishi. Na kila alipofunua, upepo uliingia.

Tulipofika alifunua mara ya mwisho, akakuta majivu meupe. Akakaa kizingitini akalia kilio ambacho hakukilia hata msibani. Nikamtazama bibi, nikijua sasa ataokota fimbo yake na kugeuka. Akapiga magoti. Akazamisha kidole kwenye majivu mpaka chini kabisa, mara akaruka.

"Yalaa! Limeniunguza, shetani hili!" Alikuwa anacheka. Akachokoa kwa kijiti, kikatoka kipande kimoja chekundu, kidogo kama kokwa. "Ulikuwa unatazama juu tu, mwanangu. Ungekiacha bila kukifunua, tungefika na chungu kizima cha moto." Akainuka na kile kipande juu ya kigae. "Mbukwa," akaisalimu nyumba kwa Kigogo, akaingia.

Sasa nina degree ya Chimwaga, chuo kikuu chetu cha hapa Dodoma, na nalala kwenye chumba kilekile. Job? Hakuna. Wanaandika "entry level" halafu wanataka uzoefu. Jamani, nilitakiwa nizaliwe na CV mkononi? Na kila ninayemwamkia shikamoo, marahaba yake inakuja na mkia: "Vipi, umeshapata kazi?" Mashangazi, wazee wa kanisa, hadi muuza vocha. Wote wanafunua chungu. Mimi mwenyewe nafunua: email, refresh, email, refresh, mpaka simu inazima.

Sitawadanganya kwamba nyumba inajua nani kaja na moto wa nani. Wala sisemi chini kabisa ndani yangu kuna kaa linangoja. Huenda ni majivu matupu, na hao motivational speakers waniache, please. Anayejua ni yule atakayetia kidole, na mpaka sasa hajatokea.

Lakini namwona mama. Jioni narudi kutoka kupeleka maombi ya kazi, viatu vyote vumbi. Anaviona viatu, anauona uso. Midomo yake inaachana kidogo, swali nalisikia linavyogonga meno. Kisha anageukia jiko, anasukumia majivu juu ya makaa kwa kijiti, polepole, mpaka wekundu wote unapotea.

"Njoo ule," anasema, "mlenda unapoa."

Hajawahi kuniuliza.