Jinsi Nilivyomshusha Baba kwenye Lori

Imepita miezi mitatu tangu Jumamosi ile. Nyumbani hatuizungumzii. Mama hupita mbali nayo, kaka yangu hutoka nje, na baba, hata mtu akiitaja, si rahisi aisikie. Ndiyo maana naandika.

Niko kidato cha tatu. Mimi ni mtu wa kuandika kuliko kuongea, na sababu yake niliijua tangu utotoni: nina sauti ndogo. Nikisema kitu mezani, baba alikuwa anainamisha kichwa na kuniambia, "Sema tena, mami." Nikisema tena, ananiambia niongeze sauti. Mara ya tatu naacha, nakula. Kaka yangu alizoea kusema nina sauti ya mbu. Shuleni sikungoja mtu aniambie, nilikaa kimya moja kwa moja.

Hilo la "mami" ni kawaida ya watu wa kwetu. Wazazi wangu ni Wakenya, na mimi nilipewa jina la mama yake baba, kwa hiyo baba huniita hivyo na wakati mwingine huninyenyekea kidogo, kama vile mimi ndiye niliyemzaa. Tunakaa Bukoto, hapa Kampala, kwenye fleti ya ghorofa ya tatu. Baba alikuwa anaendesha lori la makontena kati ya Mombasa na Kampala tangu kabla sijazaliwa.

Muhula uliopita tuligawiwa fomu ya kuandika kazi tatu tunazotaka kufanya maishani. Wenzangu waliandika daktari, wakili, mhasibu, wengine wakafuta wakaandika tena. Mimi niliandika dereva wa lori kwenye nafasi ya kwanza, na zile mbili nikaziacha wazi. Nikisema ukweli, haikuwa kwa sababu ya kumpenda baba. Niliona kwamba ndani ya lori uko peke yako na hakuna anayekuambia uongeze sauti.

Fomu ilihitaji saini ya mzazi. Mama aliisoma akacheka mpaka akashika ukuta. Baba aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena. Hakucheka. Alisema Jumamosi niende naye yadi nikaione kazi kwanza, halafu ndiyo atie saini. Siku hiyo alikuwa na safari, angeondoka saa nane mchana na makontena matupu kwenda Mombasa.

Yadi ya malori ya kampuni yao iko kule chini Katwe, nyuma ya mafundi wa vyuma. Kutwa nzima wanagonga mageti, majiko na matoroli, na kwa sababu hiyo kila mtu pale yadini huongea kwa kupiga kelele, akitaka asitake. Hilo sikulitilia maanani nilipofika. Nililiwaza baadaye.

Madereva walituona wakaanza. Mmoja alimuuliza baba kama ameleta dereva mpya. Mwingine akasema huyu mpya itabidi awekewe stuli ndiyo afikie klachi. Baba akacheka nao. Nilitazama viatu vyangu.

Kisha tukaanza kukagua matairi. Lori la baba lina matairi ishirini na mawili, mengi yake yamekaa mawili mawili, moja nje na moja ndani. Lile la ndani ndilo la hatari. Likiisha upepo huwezi kujua kwa macho, kwa sababu mwenzake wa nje anabeba mzigo wote na gari linasimama wima kama kawaida. Linakuja kuchemka barabarani. Kuna lori la rafiki yake baba lililoungua lote kwenye mteremko, na chanzo kilikuwa tairi la ndani. Basi madereva hugonga. Wana kipande cha bomba, wanapita wakigonga kila tairi na kusikiliza. Lenye upepo hujibu kwa mlio mkali unaorukaruka. Lisilo na upepo hulia pu, kama umegonga gunia la unga. Nilikuwa na miaka saba hivi baba aliponifundisha hayo, na tangu hapo sijasahau milio hiyo miwili.

Baba alitangulia na bomba, mimi nyuma. Wakati huo mafundi walikuwa wamesimama kunywa chai, kwa hiyo palikuwa na utulivu ambao huwa haupo. Ding, ding, ding. Tukamaliza kichwa cha lori, tukaingia upande wa kushoto wa tela. Ding, ding. Pu.

Baba akapita.

Nilisimama. Nilidhani ananipima, kwamba ni mtihani, atageuka aniulize nimesikia nini. Hakugeuka. Nikasema, "Baba, hili." Akaendelea na tairi lililofuata. Niliokota spana iliyokuwa chini nikaligonga lile tairi mwenyewe, pu, pu, pu, nikiwa hatua mbili tu nyuma yake. Akaendelea. Nikaita "Baba" kwa sauti ambayo najua kabisa si ndogo, kwa sababu mwanamume aliyekuwa anaosha lori jingine kule ukutani aligeuza kichwa kunitazama. Yeye aligeuka. Baba hakugeuka.

Sijui nieleze vipi. Niliitazama spana mkononi, kisha mgongo wake. Baba yangu hasikii. Anaendesha lori la matairi ishirini na mawili kutoka hapa mpaka baharini, na hasikii.

Halafu nikaona tatizo la pili. Ili baba anisikie ilinibidi nipige kelele, na nikipiga kelele, yadi nzima itajua. Nilisimama pale nikihesabu watu. Mwisho nilimfuata, nikamshika mkono, nikamrudisha. Tulichuchumaa nyuma ya tela, nikakiweka kiganja chake juu ya lile tairi la ndani, nikachukua bomba na kugonga.

Mkono wake ulibaki pale muda mrefu. Kisha akanitazama mimi, si tairi.

Fundi wa matairi alikuja akatoa msumari mrefu kama kidole changu. Walipokuwa wakibadilisha, baba aliniambia nipande kwenye lori. Akafunga vioo. Ndani kulinuka mafuta na peremende za tangawizi.

"Umejua leo?"

Niliitikia kwa kichwa.

Akanieleza huku akitazama mbele, kama mtu anayeendesha. Sikio la kulia, la upande wa dirisha, lilikufa miaka mitatu iliyopita. Upepo, honi, mngurumo wa injini, miaka yote hiyo dirisha likiwa wazi. La kushoto nalo linaondoka taratibu. Kila mwaka kampuni inawapeleka kwa daktari, lakini yule daktari ana maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, kwa hiyo baba anajibu bila kuyasikia. Barabarani anatumia vioo vya pembeni na nyayo, injini anaisikia kwa miguu. Nilimuuliza kuhusu ving'ora. Akasema magari mengine yakianza kutawanyika, anajua. Alinieleza kwa namna fulani ya kujivunia, kama anayenifundisha mbinu za kazi. Halafu akaniomba nisimwambie mtu. Miaka miwili tu, akasema, kaka yako amalize chuo.

Mimi nilikuwa nimekwama kwenye miaka mitatu. Nilikuwa nazirudia zile "sema tena" zote, moja moja. Kumbe nyingine hazikuwa kosa la sauti yangu. Nilitaka kulia, na pia, nisidanganye, nilitaka kumpiga.

Nikamwuliza, kwa nguvu, karibu na sikio la kushoto, "Ungejua itakula masikio yako, ungeichagua kazi hii?"

Nilikuwa na uhakika wa jibu. Nilidhani ndiyo sababu ya kunileta yadi, anionyeshe ubaya wa kazi nibadilishe fomu. Baba akaniambia kwamba alikuwa amepata nafasi ya kusomea ualimu. Kabla ya kuripoti chuoni alisafiri na lori la mjomba wake kuja Kampala, mara moja tu, kutembea. Chuoni hakwenda tena.

"Kila mtu aliniambia nitajuta. Nimengoja hayo majuto miaka ishirini na sita. Ningeichagua tena kesho asubuhi, masikio na yote."

Hilo lilinishtua kuliko uziwi wenyewe. Alikuwa ameliwaza na kulipima, na sisi tulikuwa upande wa pili wa mizani, ule uliokuwa mwepesi. Magari yote yaliyowahi kumpigia honi kwenye sikio la kulia asiyasikie yalikuwa upande huo wa pili. Nilimtazama nikaona anasema kweli, na nikaona kwamba hiyo miaka miwili haitakuwa miwili.

Nikamwambia asipomwambia meneja, nitamwambia mimi.

Alicheka. Si kwa ubaya. "Wewe? Wewe huwezi hata kuagiza soda."

Ni kweli, soda huniagizia kaka. Nilifungua mlango nikashuka. Nadhani alifikiri naenda chooni.

Meneja wao ni mama mmoja wa hapahapa Kampala, Mwislamu wa familia za zamani zenye asili ya pwani, anayeongea Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu. Alikuwa anaandika karatasi za safari. Nilisimama mbele ya meza yake, macho sakafuni, nikasema yote kwa pumzi moja.

"Shikamoo. Baba yangu hasikii. Amepita tairi bovu na hakulisikia. Tafadhali asiende."

Kisha nikangoja aniambie nirudie. Nilikuwa nimeshajiandaa kurudia.

"Marahaba," akasema. Akaweka kalamu chini. "Tangu lini?"

Nilisema mara moja tu, kwa sauti yangu ya kila siku, na huyu mama alisikia neno kwa neno. Nilibaki nimeduwaa kama mtu aliyeambiwa kwamba mguu wake anaochechemea ni mzima.

Hapo baba akaingia, akasimama nyuma yangu, akauliza kama karatasi zake ziko tayari. Meneja alimjibu huku ameinamia meza, si kwa kunong'ona, kwa sauti ya kawaida. Alisema, "Nipe ufunguo wa gari, mzee wangu. Leo huendi."

Baba akaitikia kwa kichwa. "Sawa, madam. Asante." Akaendelea kusimama, akitabasamu kidogo, anangoja karatasi.

Meneja aliinua uso akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu mzima. Kisha akanyoosha kiganja kuelekea kwa baba, akakiacha hapo hewani, wazi. Baba alikitazama kile kiganja. Akanitazama mimi. Akaingiza mkono mfukoni akatoa ufunguo.

Tulirudi nyumbani. Mama alinigombeza kabla hajamgombeza yeye. Alisema ningempigia simu kwanza, mambo ya ndani hayapelekwi ofisini. Labda ni kweli. Lakini lori lilikuwa linaondoka saa nane, na saa nane ilikuwa imekaribia.

Kampuni ilitaka vipimo. Wiki ya pili yake nilikwenda na baba hospitalini kwa sababu manesi wengi huongea Kiganda, na Kiganda cha baba ni cha barabarani, cha kusalimia na kuulizia vipuri. Walimwingiza kwenye chumba kidogo chenye kioo, wakamvalisha visikizio na kumpa kitufe. Ukisikia mlio, bonyeza. Nilikuwa upande wa nesi. Kila mlio ukitumwa, taa ndogo ya kijani ilikuwa inawaka mbele yetu. Iliwaka mara nyingi sana. Baba alikaa wima, kidole juu ya kitufe, uso umekazana kama wa mtoto anayefanya mtihani, na hakubonyeza. Baadaye akaanza kuutazama mkono wa nesi ili akisie. Nesi akauficha chini ya meza.

Daktari alisema atapewa kifaa cha kusaidia, kitamfaa kwa mazungumzo ya nyumbani. Magari makubwa asiendeshe tena. Nilimweleza baba kwa sauti, kwenye korido, na watu waliokaa kwenye benchi wakasikia wote. Akakunja mikono.

Ilibaki fomu ya kujaza. Nesi aliuliza umri, akauliza anakoishi, akauliza kazi. Nikajibu dereva wa lori. Akasimamisha kalamu, akauliza kwa Kiganda kama bado ni dereva.

Baba aliona kalamu imesimama. "Anasemaje?"

Nikainama kwenye sikio lake la kushoto. "Anauliza kama bado."

Kule mwisho wa korido mtu alikuwa anaburuta kiti cha magurudumu.

"Mwambie aandike dereva," akasema.

Nikamwambia. Nesi akanitazama, akaandika.