Karatasi ya Mitetemo: Kutoka Geita hadi Kariakoo

Kijiji ndicho kilichonituma Dar es Salaam. Mwaka ule wataalamu walikuja kwetu Geita na lori la mitambo, wakachimba mashimo, wakatia baruti na kulipua. Mimi nilikuwa kibarua wao. Nilichomeka ardhini vinasa mtetemo, vidude vidogo vilivyounganishwa kwa waya mrefu. Tulipowauliza wanatafuta nini, walisema wanapima unene wa miamba. Hatukuwaamini. Kwetu kuna dhahabu, kila mtu anajua, nasi tulikwisha kuhamishwa mara moja kuingia kijiji cha ujamaa. Wakiipata, tungehamishwa tena. Mkutano wa kijiji ukaamua niende kuuliza kwenye makao yao makuu. Mkobani nilificha karatasi yao moja iliyotupwa, imejaa mistari ya kutetemeka.

Jumatatu alfajiri nilivuka ziwa pale Busisi kwa kivuko, na jioni nikapanda treni Mwanza. Safari nzima sikuuachia mkoba. Tulipofika Tabora abiria mwenzangu aliniuliza nimebeba nini. Nikamwambia nguo. Akautazama mkoba, akahama kiti.

Dar niliingia Jumatano asubuhi. Kutoka stesheni nilikatiza viwanja vya Mnazi Mmoja hadi Kariakoo, kwa Mzee Mkwanda, fundi cherehani wa Lindi aliyewahi kukata mkonge pamoja na marehemu baba. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanipa chai, kisha akaniuliza barua ya kijiji iko wapi, maana wageni wasio na kazi walikuwa wakikamatwa na kurudishwa makwao. Nilikuwa nayo. Hata hivyo, kabla ya adhuhuri alimleta Mama Somoe, balozi wa nyumba kumi.

Mama Somoe aliisoma barua mara mbili, akataka na mkoba ufunguliwe. Alipoikunjua karatasi aliigeuza huku na huku.

"Maandishi haya ya nani?"

"Ni ya ardhi, mama."

"Ardhi haiandiki, ndugu yangu. Kesho tunaenda wote kwa hao wenyewe. Wakikukana, polisi si mbali."

Siku ile Mzee Mkwanda alipokwenda msikitini alifungia mikasi yake kabatini, nami nikajifanya sikuona.

Kesho yake tukaenda hadi ofisi ya wapima miamba, katikati ya mji. Alitupokea Ndugu Kaiza, mtaalamu kijana. Alipoiona karatasi aliuliza nani kanipa, kisha akafunga mlango. Nikajua nimekwisha. Lakini aliitandaza mezani, akaeleza kwamba mlipuko hupeleka mtetemo chini kilomita nyingi, nao hurudi kama mwangwi kila unapogonga mwamba wa aina nyingine. Kwa mistari ile waliweza kujua dunia imepangwaje huko kusikofikika.

"Kwa hiyo dhahabu ipo au haipo?" nikamuuliza.

"Karatasi haiwezi kuniambia. Inaonyesha ufa unaoshuka chini sana. Zamani za kale maji ya moto yalipanda kwenye nyufa kama hizi yamebeba dhahabu. Pengine yaliiacha, pengine hayakuiacha."

"Ufa huo unapita wapi?"

Akaanza kuikunja karatasi. "Karibu na kijiji chenu."

"Tutahamishwa?"

"Hilo siamui mimi."

Nilimwomba ayaandike hayo, akakataa. Karatasi akabaki nayo.

Tuliporudi Kariakoo Mama Somoe alinigeukia. "Nilikudhania vibaya," akaniambia. "Lakini na yule hajakwambia yote."

Ijumaa nilipanda treni ya kurudi. Nyumbani nilisimama mkutanoni nikasimulia yote, pamoja na ule ufa. Walinisikiliza kwa utulivu. Nilipomaliza, jirani yangu aliuliza wataalamu wamenipa nini ili niseme vile.

Nilijifunza kwamba anayetumwa kuondoa shaka, akirudi bila jibu kamili, shaka huhamia kwake. Mvua zilipoanza, mwenyekiti alisema hatuwezi kuishi tukingojea lori la kutuhamisha, nami nikasimama kumuunga mkono, nikawahimiza watu wapande michungwa, ambayo huzaa baada ya miaka. Wengi walipanda. Shambani kwangu nilipanda mahindi tu, yanayokomaa kwa msimu mmoja.