Mizimu ya Nyumba ya Babu, Kondoa

Ubani ukichomwa mchana mimi hukasirika. Wengine hufurahia harufu yake. Pua yangu inanirudisha Kondoa enzi za Mdachi, kwenye tembe aliyoijenga babu yangu, mfanyabiashara wa misafara. Ilikuwa na kuta nene za udongo, paa bapa ambalo mama alianikia uwele, na chumba cha nyuma ambamo zamani wapagazi walilala pamoja na mizigo yao. Baadhi yao walifia humo kwa njaa na homa. Ndiyo maana, watu walisema, kila kiangazi ukuta wa chumba kile huguna. Na kweli uliguna. Nilikuwa natega sikio, nasikia mguno mrefu wa mtu anayeumwa, natoka mbio.

Baba alipofariki, akida aliyewekwa na Wajerumani akaitamani nyumba, maana ilikuwa jirani na boma na ina ghala tayari. Aliona haya kumfukuza mjane hadharani. Akaja na maneno ya huruma: "Mama Zuhura, nyumba hii ina mizimu. Mtoto wako atadhurika. Nendeni Busi kwa kaka zako."

"Mizimu hiyo ilikuwa wapi mume wangu alipokuwa hai?" mama akamjibu. Alikuwa Mrangi wa Busi, mfupi, mkali kama pilipili, na kwake kurudi kwa kaka zake kulikuwa na maana moja tu: kulima shamba la mtu mwingine mpaka afe.

Basi akida akaleta mganga wa kupunga pepo, athibitishe mbele ya watu. Huyo mganga na mbwembwe zake! Akafukiza ubani, akabandika sikio ukutani, akauliza, "Mmo humu?" Ukuta ukaguna. Watu wakashika vichwa, "Lahaula!" Akauliza tena, "Mnataka hawa wahame?" Ukaguna. Mama akapaza sauti, "Hebu waulize kama wanataka uji." Ukaguna vilevile. Watu wakaangua kicheko, mganga akanuna.

Hapo ndipo alipoharibu. Ili kuitoa hiyo mizimu, akaegemeza ngoma kubwa ukutani, akaitwanga kwa nguvu zake zote. Mtu wa nchi yetu, ambako mizinga imetundikwa kila upande, alipaswa kujua kwamba ukuta unaovuma wakati wa joto haupigiwi ngoma. Nyuki wakamwagika kutoka kwenye ufa. Lo! Mganga akatupa ngoma, akida akaacha kilemba, kila mtu na njia yake. Mama akanifunika kanga, tukajikunyata uani mpaka nyuki wakatulia. Shavu langu lilikuwa limevimba na bado nilikuwa nacheka.

Mnadhani ubishi uliisha? Thubutu! Jioni mji mzima ulikuwa unasema mizimu imejigeuza nyuki. Tangu siku hiyo najua kuwa mchunguzi wa mizimu hashindwi: ukuta ukiguna, ipo, ukinyamaza, imejificha, akiumwa, imekasirika. Akida hakukanyaga tena kwetu. Majirani wakamshauri mama anyamaze, hofu hiyo imlinde. Akakataa katakata. "Nyumba hii ni yangu, sihitaji maiti wanilindie," alisema. Akamwita mrina asali awatoe nyuki, akaukandika ule ufa, kisha akahamishia kitanda chetu chumba cha nyuma, mlango wazi, kila apitaye aone.

Sasa mimi ni kizee, na bado naishi humo. Juzi walikuja vijana wa mjini na kinasa sauti, wakatandaza nyaya zao ukutani, eti wanatafuta sauti za wafu. Wapagazi wale walipokuwa hai wakilia njaa, nani aliwategea sikio? Zamani angalau tulicheka; hawa hata kucheka hawajui. Mmoja wao, mpole kweli, akaniambia, "Bibi, huogopi kukaa peke yako nyumba kama hii? Si ungehamia kwa wanao?"

Huruma ileile ya akida. Nikamuuliza, "Nani amekutuma, mjukuu wangu?"

Akainamisha macho, akaanza kukunja nyaya. Nikawasindikiza wote mpaka nje, nikafunga mlango, mimi nikiwa ndani.