Nguruwe Watakaporuka

Mama aliniruhusu kwenda mjini Kilindoni kwa sharti moja: nikimaliza kozi ya Kiingereza nirudi kijijini kwetu Bweni tulime. Mimi nilikwenda na langu moyoni. Hoteli moja ya watalii ilikuwa inatafuta mtu wa kuwajibu wageni kwa maandishi, na mwalimu wetu ndiye angechagua nani apelekwe. Nafasi ilikuwa moja tu, na darasa zima lilikuwa linaitaka.

Jaribio lilikuwa kutunga sentensi kwa msemo wa kuchekesha wa Waingereza: when pigs fly. Nguruwe watakaporuka, yaani kamwe, usitegemee. Mwalimu, mtu wa bara, alidhani tutacheka. Hakucheka mtu. Nguruwe tunaowajua sisi ni wale wa porini wanaofukua mihogo ya mama, na jina lao halitajwi watu wakiwa wanakula. Jioni nilipokuwa nafanya mazoezi kwa shangazi yangu Miburani, nilikokuwa naishi, aliniuliza naandika nini. Nikamwambia. Akaiondoa sahani yangu. "Malizana na uchafu wako kwanza, ndipo ule."

Kesho yake darasani nikaandika kwa Kiingereza: nitarudi Bweni nguruwe watakaporuka, inshallah.

Hilo la mwisho wala sikulifikiria. Kwetu ukitaja jambo la kesho bila inshallah, watu wanakutazama kama umetoka nje kichwa wazi. Hata jirani ukimwahidi chumvi, unaliweka. Mwalimu akasoma karatasi zetu moja moja, akavua miwani. "Kwa hiyo nyinyi nyote mnamwomba Mungu nguruwe waruke?" Hapo ndipo tulipocheka, mpaka tukashika mbavu.

Akaturudishia karatasi tusahihishe. Mwenzangu mmoja aligoma, akasema bora aikose kazi kuliko kulifuta neno hilo kwa mkono wake. Nikamwona mshamba. Mimi nililikata kwa mstari mmoja, kisha nikaisoma sentensi iliyobaki. Ilikuwa sahihi kabisa, na sikuipenda, kwa sababu ilikuwa inasema kweli. Mwalimu akaiwekea vema. Kazi nikapata mimi.

Mama alipiga simu wiki hiyohiyo. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akaanza habari za shamba. Nguruwe wameimaliza mihogo ya bondeni, na yeye peke yake hawawezi.

"Basi utarudi lini, mwanangu?"

"Mwezi ujao," nikasema.

Nilijua anasubiri nini, maana ndiye aliyenifundisha kulisema kabla sijajua hata kuhesabu. Nikalitafuta neno mdomoni, likagoma kutoka. Mwishowe akalisema yeye, taratibu, "Inshallah," tukaagana.

Tunazungumza kila wiki, na habari za mihogo ananipa. Nitarudi lini, hajaniuliza tena.